Tanga tunaogopa mapanga, huku watu wanaisha barabarani

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nakaa Pongwe hapa Tanga, na ni mjumbe wa kamati ya ulinzi ya mtaa wetu, kwa hiyo haya ninayoandika sio ya kusimuliwa, ni mambo tunayokaa nayo vikaoni kila mara. Naomba uniwekee barua yangu hata kama ni ndefu, manake hili jambo linaniuma na naona watu wanalipita tu.

Kwenye vikao vyetu vya ulinzi ajenda ni ile ile, wezi. Nani kavunjiwa dirisha, vijana gani wanakaa pale kona mpaka usiku mkubwa, nani hajatoa hela ya ulinzi shirikishi, tochi za walinzi zimeisha betri. Na mimi siyadharau hayo, nachangia na nimelinda. Ila sijawahi kusikia hata mara moja mwenyekiti anafungua kikao anasema jamani mwezi huu kwenye barabara yetu kagongwa fulani na fulani, tufanyeje. Watu wanagongwa, tunaenda kuzika, tunakunja mkeka tunarudi nyumbani, na kikao kinachofuata tunaanza tena na wezi.

Hofu yetu ina sababu, hilo nalikubali. Mwezi wa pili 2015 risasi zilirindima kwenye mapango ya Amboni, mwanajeshi wetu mmoja akapoteza maisha, na mji mzima ukawa hausemi kingine. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano mwishoni, watu 8 wakachinjwa Kibatini usiku mmoja. Waliokuwepo Tanga kipindi kile wanakumbuka, saa moja jioni milango imefungwa, ukibishiwa hodi hata na ndugu yako unauliza mara mbili tatu. Afu 2022 Dar walipowaka panya road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, huku nako simu zikajaa meseji za sauti, wanakuja Tanga, wako Kange, wameonekana Makorora. Hofu ya namna hiyo inaingia kwenye mifupa, na haitoki kwa kuambiwa usiogope.

Sasa weka pembeni yake haya mengine. Februari 2023 Korogwe, Coaster imebeba msiba kutoka Dar inapeleka mwili Kilimanjaro usiku, ikagongana na Fuso, watu 17 wakafa na siku zilizofuata wengine wakafuata. Januari 2025 pale Chang'ombe Segera watu wamesogea kwenye ajali ya kwanza kusaidia na kuangalia, lori likaja likawavaa, 11 wakafa. Hiyo moja tu ya Segera imeua wengi kuliko Kibatini, na hiyo ya Korogwe mara mbili yake na zaidi. Nani kati yetu alibadilisha chochote baada ya hapo? Kibatini ilibadilisha mpaka saa ya kula chakula cha usiku. Segera tuliongea siku tatu, tukasambaza picha za maiti kwenye simu (jambo la aibu sana, na naomba watu waache), basi.

Na hizo ni ajali kubwa zinazofika kwenye redio. Zinazoua sana ni za mmoja mmoja. Mzee na baiskeli yake anarudi na madumu ya maziwa giza limeingia, hana taa wala rifleta, lori la simenti linampitia. Mwanafunzi anavuka. Bodaboda na abiria wake wanaingia chini ya Noah. Anayekufa pale pale anaandikwa ajalini, ila yule anayefikishwa hospitali akakaa wiki mbili na kichwa kimevimba, au akapewa rufaa kwenda Muhimbili afu akafia huko, mara nyingi hata kwenye hesabu ya ajali haingii. Ndo maana Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake ya 2018 lilisema kwa mwaka 2016 nchi yetu iliripoti vifo 3,256 vya barabarani, lakini wao kwa makadirio yao wakaona ni zaidi ya elfu 16. Tofauti hiyo ni ya watu, wana majina na wameacha watoto.

Ukitoka nje ya Tanzania picha ni hiyo hiyo. Kwa mwaka 2021 dunia nzima Umoja wa Mataifa ulikadiria watu laki 4 na elfu 58 waliuawa na binadamu wenzao makusudi. Mwaka huo huo barabarani walikufa milioni 1 na laki 1 na elfu 90. Ni zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa Afrika mauaji yalikuwa kama laki 1 na elfu 76, barabarani zaidi ya laki 2 na elfu 20. Marekani ambako kila siku tunasikia mtu kaingia shule na bunduki, 2022 barabara zao ziliua watu 42,514, na waliouawa na wenzao walikuwa elfu 20 na kitu. Na kwa umri wa miaka 5 mpaka 29, hao ambao sisi tunawalinda zaidi wasikutane na watu wabaya, kinachoongoza kuua duniani ni barabara.

Kuna mtu ataniambia mzee unachanganya mambo, mwizi anakuja na nia na dereva hana nia. Ni kweli, na mbele ya sheria lazima viwe tofauti. Mwingine ataniambia ujambazi sio vifo tu, kuna kubakwa, kuna kupigwa, kuna kuishi na woga, mwanamke anayetoka sokoni usiku ana hofu ambayo mimi mwanaume siijui. Hilo nalo ni kweli na sitaki barua yangu itumike kumwambia mwanamke yeyote hofu yake haina maana. Nachosema ni kwamba mtu akishazikwa, watoto wake hawali nia. Na hata kwenye mauaji yenyewe, tukiangalia kesi tunazozifahamu huku kwetu, ngapi ni za mgeni aliyeruka ukuta na panga? Nyingi ni ugomvi wa mashamba, wivu, mirathi, ulevi, imani za kishirikina, ni watu wanaojuana. Yule mgeni wa gizani ambaye ndo tunamlinda usiku kucha ni sehemu ndogo ya hesabu, wakati dereva atakayekugonga mara nyingi hujawahi kumuona maishani mwako.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu, manake kama ingekuwa ni hofu kukaa sehemu isiyo yake tu nisingesumbuka. Tatizo hofu hii inatusukuma wenyewe kwenye hatari kubwa zaidi, na tunawasukuma watoto.

Huku kwetu watoto wengi wa shule walikuwa wanatembea, wanakata njia za kwenye mkonge na mashamba, wanafika. Zilipoanza habari za watoto kutekwa, zingine za kweli huko mikoani na zingine za kwenye simu tu hazina kichwa wala miguu, wazazi wakaogopa. Jirani yangu mmoja mama wa watoto watatu nikamuuliza mbona siku hizi siwaoni wakipita. Akasema, "Baba, mi siwezi kuwaacha wapite kule kwenye mkonge peke yao, dunia imeharibika hii. Nimewatafutia boda." Nikaenda kuiona hiyo boda asubuhi. Kijana mmoja, watoto wanne, mmoja kakaa mbele kwenye tenki, mwingine nyuma kabisa miguu inaning'inia karibu na rimu, helmeti haipo hata ya dereva, na wanaingia barabara kuu ile ile ya mabasi ya Dar na malori ya simenti, dereva ana wateja wengine wanamsubiri kwa hiyo anakimbia. Mama amelipa hela yake ya jasho na roho yake imetulia. Nilishindwa kumlaumu maana anawapenda wanawe, na kijana wa boda naye anatafuta riziki, ila nilirudi nyumbani nimekosa raha kabisa.

Maana mkonge ule tumekaa nao tangu enzi za babu zetu, na watoto waliopotelea humo sijui kama tunaweza kuwataja. Waliogongwa kwenye lami tunawataja, tunaonyesha na makaburi.

Na hili limewapata wengine kabla yetu. Marekani baada ya yale mashambulizi ya Septemba 11, 2001 watu waliogopa ndege, wakaona bora gari, nchi kubwa ile mtu anaendesha siku mbili badala ya kuruka saa nne. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Gerd Gigerenzer, akaja kupiga hesabu ya mwaka uliofuata, akakuta watu kama 1,500 wa ziada wamekufa barabarani, wengi kuliko abiria wote waliokuwemo kwenye zile ndege nne. Mwingine, William Lucy wa Chuo Kikuu cha Virginia, mwaka 2003 alitoa utafiti kuhusu watu wa kwao wanaohama mjini wakikimbia wahalifu waende kulea watoto nje ya mji kwenye utulivu. Akajumlisha vifo vya ajali na vya kuuawa na watu wasiojuana, akakuta sehemu nyingi za nje kabisa ya mji zilikuwa na hatari kuliko mjini walikokimbia, kwa sababu huko kila kitu ni gari na barabara ni za spidi. Walikuwa na magari mazuri na barabara pana kuliko zetu na bado hesabu ikawakataa. Sisi tunakimbia mkonge tunapanda boda ya watoto wanne.

Jambo lingine linalonitesa ni spidi. Kwenye makazi ya watu sheria inasema kilomita 50 kwa saa, na mabango yapo. Dereva akikaribia Pongwe anaonyeshwa taa na mwenzake anayetoka mbele, wote tunajua maana yake, trafiki wa tochi ya kupimia spidi yuko mbele. Anapunguza, anapita kwa adabu, akishampita tu anakanyaga tena mpaka kwenye shule. Na abiria ndani tunashukuru, tunasema dereva mjanja. Hebu fikiria jirani yako kila usiku anatoka nje anapiga mluzi kuwaambia wezi kwamba doria inakuja wajifiche. Tungemfanya nini huyo mtu? Tungemtoa mtaani.

Kwani spidi ni kitu cha mchezo? Mtembea kwa miguu akigongwa na gari lililo kwenye 65 uwezekano wake wa kufa ni zaidi ya mara nne ukilinganisha na lililo kwenye 50, hizo ni takwimu za Shirika la Afya Duniani. Tofauti ya kilomita 15 tu, ambayo kwa dereva kutoka Kange mpaka Pongwe inamwokolea dakika chache, kama zinafika. Helmeti nayo, iliyofungwa mkanda vizuri sio ile ya kuning'iniza kwenye kioo, inapunguza sana kuumia kichwa na kufa. Mkanda wa kwenye gari kila mtu anaujua, tatizo ni kwamba kwenye Coaster nyingi umekatwa au umefichwa chini ya kiti, na konda ukimuuliza anakushangaa.

Wapo watakaosema ajali haina kinga, imeandikwa. Mimi ni muumini na najua siku ikifika imefika. Lakini mbona kwa wezi hatusemi hivyo? Kwa wezi tunaweka nondo madirishani, tunafuga mbwa, tunalipa walinzi, tunasali halafu tunafunga komeo. Tuta mbele ya shule ni komeo hilo hilo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenyeviti wenzetu wa mitaa, hela za ulinzi tuendelee kutoa, ila kitabu cha matukio cha mtaa kiwe na kurasa ya barabara. Kagongwa nani, saa ngapi, sehemu gani, gari gani, kulikuwa na taa au hakuna. Mtendaji akiwa na kurasa hiyo imejaa ndani ya mwaka ataweza kwenda TANROADS kwa barabara kuu au TARURA kwa hizi za ndani akasema tuta na zebra viwekwe hapa, sio pale, kwa sababu hii na hii. Saivi tunapeleka malalamiko matupu, tunaambiwa bajeti, tunarudi. Kwingine watu wakikasirika baada ya msiba wanachimba mtaro wenyewe katikati ya lami, wanaongeza hatari nyingine, na mwenye baiskeli usiku ndo wa kwanza kutumbukia.

Watoto turudishe miguuni mwao. Tunaoogopa mkonge tufanye zamu, wazazi wawili asubuhi wawili jioni, watoto wa mtaa mzima wanaenda kundi moja na mtu mzima mbele na nyuma, kama tunavyopeana zamu ya doria usiku. Anayetaka kumdhuru mtoto hasogelei kundi la watoto thelathini na wamama wawili, na gari nalo linaliona kundi kwa mbali. Pale wanapovuka lami mmoja asimame na kibendera. Hii haihitaji mfadhili. Na kwa mzazi ambaye lazima atumie boda kwa sababu shule iko mbali kweli, mtoto mmoja kwa safari moja na helmeti ya saizi yake, na dereva awe mtu anayejulikana kijiweni, mkizungumza naye vizuri kama kijana wenu atawasikia, wengi wao ni watoto wetu hawa hawa na ndo wanaokufa zaidi yetu.

Kuna kitu kimoja familia nyingi hazijui na inanisikitisha. Kila chombo cha moto kinachoingia barabarani lazima kiwe na bima, angalau ile ndogo, na bima hiyo kazi yake ni kumlipa aliyegongwa au familia yake. Tunazika, mwenye gari anakuja na gunia la mchele na pole, tunasema yameisha tusimsumbue, wakati mjane alikuwa na haki ya fidia ya kumsomeshea watoto. Kamati ya mtaa inayoweza kumfuatilia mwizi wa kuku mpaka Muheza iweze pia kuandika namba ya gari, kuchukua ripoti ya polisi na kumsindikiza mjane kwenye kampuni ya bima. Nimeona wajane wawili hapa kwetu ambao hawakujua mpaka muda umepita sana, mmoja wao saivi anauza mihogo ya kukaanga na mtoto wa kwanza ameacha shule. Anayesoma barua hii na ana msiba wa namna hiyo asikae kimya, aulize.

Na nyie wenye magazeti nina ombi lenu. Mwizi mmoja akivamia duka mnampa ukurasa wa mbele na picha, ni habari na mnafanya kazi yenu. Ila aliyegongwa Mkanyageni usiku wa jumanne anapata mistari miwili kama anapata kabisa. Tupeni kila mwezi idadi ya waliokufa barabarani mkoa wa Tanga, wilaya kwa wilaya, na ya waliouawa kwenye uhalifu pembeni yake, hata kwenye kona ndogo tu, ili mjumbe kama mimi niikate niende nayo kikaoni. Kikao chetu kinachokuja nimeshamwandikia mwenyekiti aweke barabara iwe ajenda ya pili baada ya kufungua, na wezi wafuate.

Wako,
Mjumbe wa kamati ya ulinzi,
Pongwe, Tanga.